"Wote ni Wezi": Neno Linalowafurahisha Wezi



Kuna neno moja ambalo vijana wetu wanalitembeza mchana na usiku. Ukiwaletea habari ya uchaguzi, wanasema: wote ni wezi. Ukiwaletea habari ya sendika: wote ni wezi. Mwalimu, hakimu, padri, mjumbe wa bunge, wote wanatiwa katika kapu moja. Kisha wanacheka, na yule anayecheka zaidi ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye akili. Ukiuliza, basi tufanye namna gani, jibu mnalijua: Tutafanya je? Article 15, kila mtu ajitafutie!

Hatuwatukani vijana hawa. Hawakuzaliwa na maneno hayo. Waliyaokota nyumbani, wakati baba alikuwa amekaa mlangoni bila mshahara. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha hata tani 40,000. Baadaye, tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa mapenzi. Mapenzi ya nani? Tena inchi hii ilitawaliwa miaka 32 na Mobutu, aliyewaambia watu hadharani kwamba mwenye kuiba aibe kidogo, kwa akili. Mtoto aliyekua katika mambo hayo ana haki ya kuwa na mashaka.

Lakini mashaka ni kitu kimoja, na mzaha huu ni kitu kingine. Mwenye mashaka anauliza: feza gani, kiasi gani, nani alitia sahihi? Mwenye kusema wote ni wezi haulizi tena kitu. Amekwisha kujibu mbele ya swali.

Tutoe mfano, tena wa feza. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema hivi: katika kila franka 100 za redevance, yaani malipo yanayotozwa juu ya madini yanayouzwa, 50 ni za serikali kuu, 25 za provinsi, 15 za komine au utawala wa chifu ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 ni akiba ya vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo, maana yake ni vijana haohao na watoto wao! Sheria hiyo inataka tena kila sosiete iandikiane na wenyeji daftari ya ahadi, wanayoiita cahier des charges, na itoe kwa maendeleo ya wenyeji si chini ya franka 3 katika kila franka 1,000 za mauzo yake.

Basi mchukue kijana wa Kolwezi mwenye diploma. Malori ya madini yanapita mbele ya nyumba yao, vumbi linaingia katika chakula cha mama yake. Mwulize: komine yenu ilipata kiasi gani mwaka uliopita? Hajui. Daftari ya ahadi ilitiwa sahihi na nani kwa upande wa wenyeji? Hajui. Madarasa mangapi yaliandikwa humo, na mangapi yamesimama? Hakuhesabu. Lakini anajua kwamba wote ni wezi! Aliyekula ile 15 na mshauri aliyegombana ili isiliwe, kwake ni mtu mmoja. Mwizi angepata wapi mtetezi mzuri kuliko huyu? Mwizi hahitaji umwamini yeye. Anataka tu usimwamini mwingine.

Tazameni na shuleni. Mwanafunzi anayesoma usiku kwa mshumaa anaitwa mjinga na wale waliokwisha kununua pointi. Mwalimu anayekataa feza ya pointi anaitwa mjinga vilevile. Na jambo linalotuumiza zaidi ni hili: kijana huyu mcheka-wezi siku moja anapata kazi katika ofisi. Siku ya kwanza tu bahasha inapita juu ya meza. Ataikataa kwa sababu gani? Amesema miaka kumi kwamba wote wanakula. Anakula, na moyo wake haumsumbui hata kidogo.

Wengine watasema: acheni watu wacheke, Mkongo asipocheka atakufa. Sisi pia tunacheka. Hadithi ya waziri na gari lake jipya ni chumvi ya pombe, hatuna ugomvi nayo. Tunagombana na kicheko kinachowarudisha watu nyumbani kulala.

Kama ni sababu ya kucheka na kulala, nani alikuwa nayo zaidi ya wazee wetu wa Union Minière? Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na sendika. Hata hivyo mwezi wa Desemba 1941 waliacha kazi kwa ajili ya mshahara, na tarehe 9 asikari wakawapiga risasi hapa mjini, wakati ulipoitwa Elisabethville. Mwaka 1946 sendika za Waafrika ziliruhusiwa. Mwaka 1957 waliitwa kupiga kura ya komine, kura ndogo, chini ya jicho la Mbelgiji. Wangeweza kusema ni mchezo wa wazungu, na wasingekosea sana. Walikwenda. Haikupita miaka mitatu, tukafika 30 Juni 1960.

Sasa ninyi vijana wa Dilala na Manika, wa Panda na Shituru, andikeni maswali matatu katika karatasi moja: komine imepokea kiasi gani katika ile 15, mwezi gani, na kwa kazi gani. Msiende peke yenu; mwende kumi au ishirini, mchana, mkiwa na wazee wawili. Mkijibiwa, tuleteeni jibu, tutalichapa hapa. Mkifukuzwa, tuleteeni tarehe na cheo cha aliyewafukuza, nayo tutaichapa.