Bunduki haikuzuia vita vya Kagera

Nipo Mamba, huku milimani Upare, na nimekuta ubishi uleule niliouacha Dar: usipokuwa na jeshi la kutisha, jirani atakuvamia. Ushahidi ni uleule siku zote, Kagera. "Amin alikuwa anaelewa lugha moja tu," anasema mzee mmoja, na hapo kijiwe kizima kinanyamaza kana kwamba kesi imekwisha.

Mimi nabisha. Jamani, kumaliza vita na kuzuia vita ni vitu viwili tofauti. Jeshi letu lilimaliza vita, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na waliopigana wanastahili heshima zote. Lakini kuzuia? Tangu mwanzo wa miaka ya sabini nchi zote mbili zilikuwa zinajaza maghala. Amin alipata ndege za Warusi, sisi tukapata za Wachina. Kama silaha ndizo zinazozuia vita, mbona Oktoba 1978 alivuka mpaka?

Sasa rudi nyuma hadi Septemba 1972. Wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea kwetu. Amin akajibu kwa mabomu Bukoba na Mwanza. Sababu za vita zilikuwepo tele. Kilichotuokoa ni kikao cha Mogadishu mwezi uliofuata, chini ya Siad Barre: kila upande urudishe majeshi kilometa 10 kutoka mpakani. Tukapata miaka sita bila vita. Umewahi kusikia mtu akiisifu Mogadishu?

Tatizo ni kwamba baada ya karatasi kusainiwa, mazungumzo yaliachwa yafe. Tangu mapinduzi ya 1971 Mwalimu alikataa kukaa meza moja na Amin, na kikao cha marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikukaa tena. Naelewa kwa nini. Mikono ya Amin ilikuwa imejaa damu. Lakini mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa, na mwaka uliofuata jeshi la Amin lilipoanza kuasi, kikao cha majirani cha kumkalisha chini hakikuwepo. OAU ilikuja na maneno ya suluhu wakati Kagera imeshachukuliwa.

Tazama upande wa pili. Kutoka huku Same, ukivuka Mkomazi umeingia Kenya. Mwaka 1977 tulifunga mpaka huo, tukagombania ndege na mabehewa ya Jumuiya. Haukufunguliwa hadi 1983. Vita? Hakuna. Kulikuwa na mpatanishi, Mswisi Victor Umbricht, aliyezunguka miaka kati ya Dar, Nairobi na Kampala hadi mkataba wa kugawana mali ukasainiwa 1984. Kazi ya kuchosha, haina gwaride, lakini hakuna mama aliyezika mwanawe.

Na Ziwa Nyasa mwaka 2012? Wanasiasa wetu walianza kutunisha misuli, lakini suala likapelekwa kwa Chissano na marais wenzake wastaafu. Utaniambia Malawi iliogopa jeshi letu. Kama iliogopa, mbona haijaachia madai yake? Ni kweli mpaka haujapatana hadi leo. Bora mazungumzo yasiyokwisha kuliko vita vilivyokwisha kwa ushindi halafu vikatuachia miezi 18 ya kufunga mkanda, ambayo wazazi wetu wanajua ilivyorefuka hadi kwenye foleni za sukari na sabuni.

Sisemi JWTZ ivunjwe. Askari wakae mpakani. Ila askari anamwambia jirani utakachomfanya akivuka. Hawezi kumpa njia ya kurudi nyuma bila aibu, na mtawala aliyebanwa nyumbani, kama Amin, anaihitaji njia hiyo kuliko kitu kingine.

Kwa hiyo siku mwanasiasa akipanda jukwaani kusema tuko tayari kwa vita, usimuulize tuna vifaru vingapi. Muulize kikao cha mwisho na jirani kilikaa lini, na kijacho ni lini.