Karani si fundi, apewe kompyuta isiyomsumbua

Kuna mazoea mabaya yaliyoota mizizi katika afisi zetu ndogo, hasa za vyama vya ushirika na shule. Kompyuta ya karani huchaguliwa na watu wasioitumia. Kamati huketi, ikaulizia bei, ikachukua kipakatalishi cha bei ya chini kabisa miongoni mwa vile vilivyokwisha kutumika ng'ambo, kisha ikamkabidhi karani na kumtakia kila la heri. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Kunguni hao huanza kuuma mapema. Mashine huchelewa kuwaka, betri huzimika punde umeme unapopotea, na virusi huharibu hesabu za wanachama. Fundi huitwa na kulipwa. Baada ya majuma mawili huitwa tena. La kusikitisha ni kwamba lawama zote humwangukia karani, eti hajui kompyuta. Nimewaona watumishi waadilifu wakiitwa wazembe kwa makosa ya mashine wasiyoichagua.

Karani huajiriwa kuandika barua, kuweka hesabu na kujaza fomu za kodi katika iTax. Hakuajiriwa kuwa fundi. Kwa hivyo, anayenunua hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei.

Kwanza, mashine itapokea marekebisho ya usalama hadi lini? Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Vipakatalishi vingi vyenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017, havimo katika orodha ya vile vinavyokubaliwa na Windows 11. Kununua mashine ya namna hiyo leo ni kununua ng'ombe aliyekwisha kukauka maziwa.

Pili, ina nini cha kuharibika? Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka. Huhimili mitikiso ya matatu kuliko diski za zamani, na huiwasha mashine upesi.

Tatu, nani ataitunza? Ikiwa kazi yote hufanyika katika intaneti, mimi ningependekeza Chromebook. Hujirekebisha yenyewe, na kazi iliyohifadhiwa katika intaneti haipotei hata mashine ikiibwa. Mwaka 2023 Google iliahidi miaka 10 ya marekebisho, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina ya mashine ilipotolewa, wala si tangu siku ya kuinunua. Mnunuzi na aitazame tarehe ya mwisho kwanza. Lakini panapotumika programu ya hesabu iliyoundwa kwa Windows, au intaneti ikiwa ya kubahatisha, inunuliwe mashine ya Windows 11 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Karani apewe akaunti isiyoruhusu kuingiza programu ovyo. Huko si kumdharau, bali ni kumkinga.

Najua kamati zitalia kwamba fedha hazitoshi. Basi zijumlishe malipo ya fundi kwa mwaka mzima, pamoja na siku ambazo wanachama walirudishwa nyumbani bila kuhudumiwa. Zitagundua kwamba rahisi ni ghali. Kisha zimwite karani mwenyewe, aketi, aijaribu mashine kwa mikono yake kabla ya hundi kutiwa sahihi. Yeye ndiye atakayekilalia kitanda hicho.