Siri ya Mgonjwa Haifichwi Mgonjwa



Mama yangu mkubwa alipasuliwa tumbo katika hospitali moja ya kijijini, akapona, akarudi shambani. Miaka miwili baadaye maumivu yalimrudia, tukampeleka Bukavu. Daktari akamwuliza swali jepesi: «Walikutoa nini tumboni?» Mama mkubwa akanitazama, nami nikautazama ukuta. Hatukuwa na karatasi hata moja.

Nilipanda pikipiki kurudi kule alikopasuliwa. Karani akanijibu kwamba habari za wagonjwa ni siri, tena kuna deni ambalo jamaa yetu haijalimaliza. Nikarudi mikono mitupu, tukauza mbuzi wawili ili vipimo vyote vifanywe upya. Muuguzi mmoja mzee ndiye aliyetushauri: «Mgonjwa mwenyewe na aombe kwa barua.» Nikaandika kwa jina lake, akaweka alama ya kidole, nikaipeleka. Siku ya tatu nilipewa nakala ya ukurasa mmoja na nusu. Mstari wa mwisho ulisema kwamba sindano ya penisilini ilimvimbisha uso na kumzibia pumzi. Dawa ya jamii hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi yake mpya ya dawa.

Tangu siku ile nashika neno moja: siri ya tiba ni mali ya mgonjwa. Iliwekwa ili imlinde mbele ya jirani, mwajiri na wenye maneno mengi. Haikuwekwa ili imfiche yeye mwenyewe mambo yaliyotendeka katika mwili wake. Sheria ya adhabu ya nchi yetu humhukumu anayetoboa siri aliyokabidhiwa kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo karani yule alifanya vema kunikatalia mimi niliyefika bila idhini. Kosa lake ni kutonionyesha njia iliyo halali.

Wapo wasemao kwamba mgonjwa hataelewa maandishi ya waganga. Si lazima aelewe yote. Mganga atakayempokea kesho ataelewa. Wengine husema kwamba rejista ni ya hospitali. Ni kweli, na ndiyo sababu tunaomba nakala, hatuombi kitabu chenyewe. Kuhusu deni, lilipwe, hata kidogo kidogo kwa mapatano. Lakini habari za mwili wa mtu zisigeuzwe rehani.

Basi tufanyeje? Heri kuomba mapema. Kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, aombe karatasi ya kutoka inayotaja ugonjwa, matibabu aliyopewa na dawa zilizomdhuru. Aandike pembeni namba ya fishi yake. Anayetumwa hospitali nyingine asiondoke bila barua ya kumtuma.

Ikiwa wakati umepita, iandikwe barua kwa mganga mkurugenzi, au kwa muuguzi mkuu ikiwa ni kituo cha afya. Itaje jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, namba ya fishi kama ipo, tarehe za kulazwa na chumba alicholala. Iseme wazi kinachotakiwa: matokeo ya laboratwari, picha ya radio, au ripoti ya upasuaji. Anayeomba «karatasi zote» mara nyingi hujibiwa polepole. Barua iwe na nakala mbili. Ya pili ipigwe muhuri wa mapokezi, nawe uihifadhi. Ambatanisha nakala ya kadi ya mpigakura. Ukimwombea mtu mwingine, peleka idhini yake yenye saini au alama ya kidole. Ukikataliwa, usipige kelele mlangoni. Omba sababu kwa maandishi, kisha uende kwenye ofisi ya zoni ya afya. Kama hospitali ni ya jimbo, fika pia kwenye ofisi ya jimbo ya kazi za tiba, tunayoiita BDOM.

Hapo jambo hili latugusa sisi. Vituo vingi vya afya vya nchi yetu vinaongozwa na majimbo ya Kanisa. Yafaa viwe vya kwanza kumkabidhi mgonjwa karatasi yake bila kungoja aombe. Na ninyi mliosoma, mjuao kuandika barua ya Kifaransa isiyoaibisha, mna kazi katika kila jumuiya: kuna mama anayeogopa dirisha la karani kuliko anavyoogopa ugonjwa. Kaeni naye nusu saa, mwandikieni.

Lakini angalieni. Mwenye kumwandikia mgonjwa barua anapokea siri yake. Ukisoma kwamba ana kifua kikuu au virusi vya ukimwi, habari hiyo isivuke midomo yako, hata kwa kisingizio cha kumwombea katika kikundi. Tukidai siri isitumiwe kumfungia mgonjwa mlango, sisi tusiwe wa kwanza kuitangaza uwanjani.

Mama mkubwa yu hai. Ile nakala ameiweka katika mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya ubatizo. Hajui kusoma, lakini kila aendapo kwa mganga huitoa kwanza, kabla ya kusema panapomwuma.

Kwa mkutano wa kikundi: Nani nyumbani kwenu ana ugonjwa usio na karatasi? Je, umemwuliza kama anataka umwandikie?