Ndovu wa Kwale Wanaitwaje?

Likizo ya Agosti iliyopita nilialikwa na sahibu yangu mmoja, naye ndiye aliyelipa gharama zote (mshahara wa mhadhiri haungezistahimili), tukalala siku mbili katika kambi ya mahema ya kifahari huko Kwale. Haki ya mtu nisiifiche: wenye kambi ile wanayatunza mazingira kwa dhati. Maji hupashwa moto na jua, na taa huwaka kwa nguvu za jua. Maji yaliyokwisha kuogewa hunyweshwa miti. Mahema yamepenyezwa baina ya miti bila ya kuikata. Ndani mna kitanda kama samadari ya bibi arusi, na usiku komba hulia juu ya paa hadi mgeni asiyewazoea akadhani kuna mtoto aliyepotea.

Kilichonikera hakikuwa hema, kilikuwa ulimi. Tulipowasili tulikabidhiwa kanuni za kambi kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Nikaulizia za Kiswahili. Binti aliyetupokea akatabasamu, akanijibu kwa Kiingereza kuwa hazijapata kuhitajika. Nikamsemesha Kiswahili tena, naye akanijibu Kiingereza tena. Simlaumu, maana ndivyo alivyofunzwa kazi. Lakini langoni palikuwa pameandikwa neno “safari” kwa herufi kubwa! Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, tukalitumia kwa kila mwendo, hata ule wa kwenda ahera. Waingereza wakalichukua katika karne ya 19, wakalipunguza maana likawa uwindaji, na baadaye kutazama wanyama. Sasa limeturudia likiwa na bei ya kulala usiku mmoja. Bibi wa Msambweni anayepanda matatu kwenda Ukunda kumjulia hali mjukuu wake, kwa kamusi ya kambi ile, hayumo safarini.

Asubuhi tuliingia Shimba Hills, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, ambayo ndiyo makao pekee ya palahala nchini Kenya. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa Kiduruma mwenye maarifa ya kustaajabisha, naye akatueleza yote kwa Kiingereza fasaha. Alipotuonyesha dume jeusi lenye pembe zilizopinda kama jambia, nilimwuliza, “Kijana, kwenu huyu mnamwitaje?” Akasita, akamtazama dereva. “Palahala, mwalimu. Lakini hapa majina hayo hatuyatumii.” Na ndovu? “Ndzovu,” akasema kwa sauti ya chini, mithili ya mtu anayekiri kosa.

Wanafunzi wangu wanajua furaha niliyoipata. Wadigo na Waduruma husema ndzovu, Waswahili ndovu, Waganda enjovu, Wakikuyu njogu, Wazulu indlovu. Ni neno moja lililotembea na Wabantu nusu ya bara hili, likibadili konsonanti kila lilipopiga kambi. (Tembo nalo ni neno zuri, ila mgeni aangalie: akiliagiza hapa Pwani huenda akaletewa kinywaji cha mnazi.)

Mtu ataniuliza jina lina faida gani iwapo mnyama mwenyewe yu hai. Namjibu kwa mambo ya Kwale kwenyewe. Mwaka 1995 hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje ilianzishwa kwa sababu wakulima wa Kidigo na Kiduruma, ambao mahindi yao yalikuwa yakikanyagwa, walikubali kuitoa ardhi yao ili nao wapate fungu katika mapato ya watalii. Sidhani kwamba yupo mzee aliyeliacha shamba la babake kwa kusemeshwa Kiingereza. Tena karibu na Diani upo msitu wa Kaya Kinondo. Mgeni huvishwa kaniki kabla ya kuingia, kisha mwenyeji humweleza miti, dawa zake na miiko yake. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini misitu hiyo ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa kwa karne nyingi na maneno ya wazee. Nayo maneno hayo yalikuwa katika lugha zao.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili. Mtaala nao umezipa nafasi katika gredi za mwanzo. Walimu wa Kinango na Matuga hulalamika kuwa hawana vitabu vya kutosha, na malalamiko yao ni ya haki. Hata hivyo, wanyama na miti wamewazunguka, na wazee wanaojua majina wangali hai. Kazi ya nyumbani ya juma moja ingewapa orodha ambayo hakuna mchapishaji aliyewahi kuwaletea.

Mwenye kambi, nilipomweleza haya, alisema wageni wake hawajui Kiswahili, sembuse Kiduruma. Usiku ule mezani Mjerumani mmoja alimwomba yule kijana alitamke tena neno la ndovu. Alilijaribu mara tano, wenzake wakicheka, mpaka ile “ndz” ikamkaa ulimini.

Kabla ya kuondoka mimi na yule kijana tuliketi na karatasi tukaandika majina ya wanyama, ndege na miti kwa Kiduruma. Tulipata 23. Mengine manne aliniomba nimpe muda, akamwulize bibi yake.