Dawa za Kupunguza Unene

Wazee wetu waliona unene kuwa alama ya nyumba yenye kushiba, na hata leo mjini Kinshasa wapo dada wanaomeza deksametasoni kusudi wanenepe. Lakini akina mama wengine, hasa wenye kisukari au presha, watuuliza neno lililo kinyume: ipo dawa ya kupunguza mwili? Swali hilo si la majivuno, kwa maana unene uliozidi huulemea moyo na magoti.

Dawa zipo, wala hazifanani. Orlistati ni kidonge chenye kuzuia mafuta ya chakula: karibu theluthi moja hupita tumboni bila kuingia mwilini. Mwenye kuimeza kisha akala sombe yenye mawese tele atajuta, kwa kuwa mafuta hayo yaweza kumtoka kabla hajafika chooni. Tena vitamini A, ambayo mawese mekundu hutupatia kwa wingi, hupotea pamoja nayo.

Semaglutidi ni sindano ya mara moja kwa juma, iliyokubaliwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021. Huiga homoni ya utumbo inayouarifu ubongo kwamba tumbo limeshiba. Katika jaribio moja kubwa watu walipungua, kwa wastani, kilo 15 katika kila kilo 100 za uzito wao kwa majuma 68, huku wakishika utaratibu wa kula na kufanya mazoezi. Wengi walipata kichefuchefu. Na walioiacha walirudiwa, kwa mwaka mmoja tu, na theluthi mbili za uzito waliopoteza. Basi anayeianza ajiulize kwanza kama mfuko wake utaiweza miaka mingi, na kama nyumbani iko frigo isiyokatikiwa umeme kila siku, kwani sindano isiyofunguliwa bado hutunzwa katika baridi.

Mbona tusiinunue sokoni tu? Fenfluramini iliondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramini, mwaka 2010, kwa hatari ya moyo na kiharusi. Huko Ufaransa benfluoreksi, dawa ya wenye kisukari iliyotumiwa na wengi ili wakonde, iliuzwa tangu 1976 hata 2009, na watu walikufa. Hizo ziliandikwa na madaktari wenye elimu! Tusemeje juu ya kidonge kisicho na jina, kilichokaa juani katika sinia ya mchuuzi?

Daktari hupima urefu pamoja na uzito. Mama mwenye urefu wa metre 1.60 hufikiriwa kupewa semaglutidi akifika kilo 77 hivi, au kilo 69 akiwa na presha au kisukari. Naye atakayetaka kuchukua mimba amwambie daktari mapema, maana sindano hiyo yapaswa kuachwa miezi miwili kabla.