Baraza ya Kiboko tunaipenda, stori yake je?

Wasee, mkipitia barabara ya Mombasa, kabla hujafika Makindu, punguzeni mwendo hapo Kiboko. Kuna Hunter's Lodge. Wengi tunaijua kwa picha tu: migunga ya manjano, bwawa, ndege, chai. Mimi pia nimezipiga hizo picha, sikatai.

Na pamejengwa kwa akili. Majengo ni ya chini, hayashindani na miti. Baraza inatazama maji, haitazami lami, ukikaa hapo unasahau malori yote yanayonguruma nyuma yako. Kwa jua letu la Ukambani, kivuli na maji ndiyo anasa yenyewe. Linganisha na nyumba za wageni tunazojenga siku hizi: vioo kila upande, halafu mgeni anawasha kiyoyozi mchana kutwa. Aki tulirogwa na nani?

Lakini hilo jina. Hunter alikuwa mtu kabisa, John Alexander Hunter, Mskoti, aliyejenga hapo miaka ya 1950 baada ya maisha ya bunduki. Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma Makueni kuondoa vifaru ili Wakamba wapewe mashamba huko, kwa sababu sehemu walizoachiwa zilikuwa zimewabana. Aliua vifaru 996. Leo vifaru weusi wa Kenya nzima wamezidi 1,000 kidogo tu.

Hapo ndipo mimi nakwama. Familia ya susu yangu ilipata shamba huko Makueni. Muthokoi niliyolelewa nayo ilitoka kwa udongo huo. Nilimuuliza kama anawahurumia wale vifaru, akacheka: "Mwana wakwa, ungekuwa wewe unaenda kuteka maji na yeye amesimama njiani, ungeuliza hivyo?"

Kwa hivyo sitaki jina lifutwe, na sitaki pabomolewe tujengewe maghorofa. Nataka hiyo 996 iandikwe kubwa barazani, kwa Kikamba na Kiswahili, na chini yake iandikwe nani alibanwa, nani alimbana, na nani alipewa shamba. Mgeni asome akinywa chai yake.

Tangu SGR ianze 2017 wengi wetu tunapita huko bila kushuka. Desemba hii mimi nashuka na Susu. Chai nitalipa mimi, stori atapiga yeye.