Tuachie nyuki kona moja ya bustani

Wandugu wa koperativi, siye wenyewe tulikuwa tunafyeka bustani ya nyumba mpaka inabaki udongo mtupu, na tunaita ile usafi. Kisha boga changa linageuka manjano, linaanguka. Tunalaumu mbegu.

Ua la boga linafunguka asubuhi mapema, mchana linafunga. Nyuki asipopita saa zile, boga hakuna. Na ni saa zile zile tunapiga dawa! Kama dawa ni ya lazima, tungoje jioni.

Marakuja nayo inamhitaji yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa miti mikavu. Siye tunachoma kila kisiki, kumbe ndiyo nyumba yake. Tumwachie kimoja. (Akianza kutoboa mbao za nyumba yetu, hapo tutagombana naye.)

Wengine wanasema majani marefu yanaleta nyoka. Hawadanganyi. Basi kona ile iwe mbali na mlango na pale watoto wanachezea. Hatua tatu kwa tatu zinatosha kuanza: alizeti kidogo, kitunguu kilichoachwa kitoe maua, sahani ya maji yenye mawe ili nyuki wasizame. Siye tutaanza Septemba, mvua ikirudi.